Kura ya kupanga haikumnyang'anya mtu ushindi

Kwa Mhariri,

Mlichapisha barua ya msomaji mmoja aliyesema kwamba huko Marekani siku hizi kuna uchaguzi ambapo anayeongoza hesabu hunyang'anywa ushindi na kompyuta, akapewa aliyekuwa nyuma yake. Akamalizia kwa kuomba Mungu balaa hilo lisivuke bahari likafika Kenya. Mpwa wangu alinitumia picha ya ukurasa huo kwa simu, akaandika chini yake: "Mjomba, si ni kwenu huko?"

Ni kwetu. Mfumo wenyewe ni kura ya kupanga, ambapo mpiga kura huandika wa kwanza wake, wa pili na wa tatu. Jimbo lenyewe ni Maine, na eneo bunge lenyewe ni la pili, hili ninamoishi. Siku ya uchaguzi huo nilipiga kura, na mtu niliyemsindikiza kituoni naye alipiga. Kwa hivyo naomba nafasi, hata kama barua hii itakuwa ndefu kuliko mlivyozoea. Jambo lenyewe limeshikana na mambo ya nyumbani, nami nimelibeba moyoni miaka mingi.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Mwaka 1988 nilikuwa bado kijana wa shule pale serikali ya KANU ilipoleta kura ya mlolongo katika mchujo wa chama. Marehemu baba alikuwa kibarua bandarini Kilindini. Alijipanga uwanjani asubuhi, nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, juani, kila jirani akimwona yuko nyuma ya nani. Wazee wanakumbuka yaliyofuata: katika sehemu nyingi za nchi mlolongo mfupi ulitangazwa mrefu. Na aliyetajwa kupata zaidi ya asilimia 70 alikwenda moja kwa moja, hata kura ya siri hakukuwa nayo.

Halafu ikaja tarehe 29 Desemba 1992, kura yangu ya kwanza. Nyumba yetu ilikuwa na wapiga kura wanne, na wote tulikuwa tunataka kitu kimoja, kwamba Moi aondoke. Baba alimpigia Matiba. Kaka yangu mkubwa akampigia Kibaki. Mimi na mama tulikuwa kwa Jaramogi. Usiku kabla ya kura tulibishana mpaka chai ikapoa, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Wewe ndiye utakayetuharibia." Matokeo mnayajua: Moi kama asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19 na ushei, Jaramogi 17 na ushei. Zaidi ya Wakenya sita katika kila kumi walipiga kura ya kumtoa, akabaki. Sisemi uchaguzi ule ulikuwa safi kwa mengine, haukuwa. Lakini hata ungekuwa safi kama pamba, kwa hesabu ile ile angeshinda, maana sheria ilimtaka tu awe na kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake, na robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Baba hakuongea na kaka karibu mwezi mzima. Nyumba ilivunjika kwa sababu watu waliokubaliana hawakuwa na njia ya kuliandika kubaliano lao kwenye karatasi.

Nilifika Lewiston mwaka 2009. Ni mji wa viwanda vya pamba vilivyokufa, kando ya mto Androscoggin, baridi yake ina meno, na katika Lisbon Street utasikia Kisomali, Kifaransa, Kireno na Kiswahili kabla hujafika mwisho wa barabara. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Mwaka uliofuata, 2010, nikiwa bado si raia, nikautazama uchaguzi wa gavana wa Maine na nikahisi nimerudi Likoni. Paul LePage alipata kama asilimia 38. Eliot Cutler, mgombea huru, asilimia 36. Libby Mitchell wa chama cha Democratic, asilimia 19. LePage akaapishwa. Wazee niliokuwa nawaosha asubuhi walikuwa wanagombana kwa maneno yale yale: wewe na Mitchell wako mmetuharibia, hapana, wewe na Cutler wako. Nilitaka kucheka, nikakumbuka baba, sikucheka.

Watu wa Maine hawakuishia kugombana. Novemba 2016, mwaka wa kwanza mimi kupiga kura huku, waliulizwa kama wanataka kura ya kupanga, na asilimia 52 wakasema ndiyo.

Naomba nieleze kura hii kwa lugha ya uwanjani. Chukua mlolongo wa 1988, uondoe woga, uondoe wakala, uufiche ndani ya bahasha. Kuna wagombea wanne, watu wamejipanga milolongo minne. Kama mlolongo mmoja una zaidi ya nusu ya watu wote, kazi imekwisha. Kama hakuna, mlolongo mfupi kuliko yote unavunjwa. Waliokuwa pale hawafukuzwi uwanjani. Wanaambiwa: nendeni mkasimame nyuma ya yule mliyemtaka baada ya huyu. Kisha watu wanahesabiwa tena. Tofauti ni kwamba hapa humwambii mtu kwa kutembea, umeshaandika: huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Hutaki kupanga, weka mmoja tu, kura yako ni halali. Ni marudio ya uchaguzi yaliyofanyika siku moja, kwa karatasi moja.

Basi mnyang'anywa anayesemwa ni Bruce Poliquin, na mwaka ni 2018. Hesabu nimezikariri kama mashairi. Chaguo la kwanza: Poliquin, aliyekuwa mbunge, 134,184. Jared Golden, kijana wa hapa Lewiston, 132,013. Tiffany Bond, mgombea huru, 16,552. William Hoar, naye huru, 6,875. Jumla 289,624. Nusu yake ni 144,812, na hakuna aliyeifikia. Bond na Hoar waliondolewa kwa pamoja, maana hata ukizijumlisha za wote wawili hazimfikii aliye juu yao. Zikatazamwa kura zao 23,427, moja baada ya nyingine, wenyewe walimwandika nani baadaye. Golden aliongezewa 10,427. Poliquin aliongezewa 4,747. Nyingine 8,253 hazikuwa na jina la yeyote kati ya hao wawili, zikaishia njiani. Mwisho: Golden 142,440, Poliquin 138,931.

Namwuliza ndugu yangu aliyeandika: hapo ni nani alinyang'anywa? Poliquin hakuondolewa hata kura moja. Kura zake 134,184 zilikuwa pale mwanzo, zilikuwa pale mwisho, na nyingine zikaongezeka. Alichokosa ni watu wa kutosha miongoni mwa wale waliosema, "Wewe si wa kwanza kwangu, lakini nitakukubali." Alikwenda mahakamani kusema mfumo unavunja katiba ya Marekani. Jaji Lance Walker, aliyeteuliwa na Rais Trump mwaka huo huo, alimkatalia tarehe 13 Desemba. Gavana LePage alipotia sahihi cheti cha Golden aliandika juu yake kwamba uchaguzi umeibwa. Sahihi ikabaki sahihi, na Golden akaenda Washington.

Nitasema na upande wa pili, kwa sababu siandiki kwa niaba ya Golden. Ukizitazama tena hizo namba, Golden mwenyewe hakufika nusu ya kura 289,624 za mwanzo. Alipata zaidi ya nusu ya zilizobaki. Wanaopinga mfumo huu husema hivyo, na wanasema kweli. Jibu langu ni kwamba wale 8,253 walikuwa na nafasi na hawakuitumia, wengine kwa kutotaka, wengine, naogopa, kwa kutoelewa. Hao wa pili ndio wanaoninyima usingizi.

Ndiyo maana nilimsindikiza jirani yangu. Ni bibi wa Wasomali Bantu, aliyezaliwa bonde la mto Juba, akalelewa na vita, akakaa miaka mingi kambini Dadaab na Kakuma kabla ya kuletwa hapa. Lugha ya mama yake ni Kizigula, kile kile cha Handeni, kilichovuka bahari na watumwa karne ya kumi na tisa na hakikufa. Kidigo changu na Kizigula chake hushikana mikono, na panapopita pengo tunaziba kwa Kiswahili alichokiokota kambini. Sheria ya huku inamruhusu mpiga kura asiyesoma kuingia na mtu amtakaye, ilimradi asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Akanitaka mimi.

Karatasi ilikuwa kubwa kama mkeka mdogo wa kuswalia. Majina yameshuka upande wa kushoto, na mbele ya kila jina kuna safu ya viduara: cha chaguo la kwanza, cha pili, cha tatu, kwenda mbele. Unajaza kwa kalamu kiduara kimoja katika kila safu wima. Ukijaza viwili katika safu wima moja, mashine haijui umemtaka nani, na kura inaharibika kuanzia hapo. Nilimsomea majina. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wagombea wako nyuma ya pazia: "Huyu wa pili nikimwandika, wa kwanza si atakasirika?"

Nikamwambia hapana, bibi. Wa pili hasomwi kabisa mpaka wa kwanza awe ametoka. Humpunguzii kitu.

Akajaza viduara vitatu, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo kwenye cha pili. Alimpanga nani, hiyo ni siri yake, na mpaka leo sijaitoa. Alipotoka nje alisema kitu kimoja tu: kule kambini, kwenye mgao, waliulizwa unataka hiki au hutaki, basi. Hakuna aliyewahi kumwuliza, kikikosekana hiki, utataka kipi.

Sasa, jinsi sheria hii ilivyobaki hai. Wengi nyumbani wanadhani mambo mazuri huku hushushwa na serikali kama mvua. Oktoba 2017, baada ya wananchi kushapitisha kura ya kupanga, bunge la jimbo liliahirisha utekelezaji wake, kwa masharti yaliyokuwa karibu sawa na kuizika. Katiba ya Maine inawapa wananchi njia ya kulizuia bunge: kukusanya sahihi. Zilitakiwa 61,123. Walianza kwenye vituo vya kura Novemba hiyo, wakaendelea kipindi chote cha theluji. Nilikutana nao mlangoni mwa duka la vyakula, mama wa makamo na kijana mmoja, glavu zimekatwa ncha za vidole ili waweze kushika kalamu. Wino uliganda. Yule mama aliitia kalamu kwapani akaipasha moto, akanipa, nikatia sahihi. Walizipata sahihi na zikazidi.

Tarehe 12 Juni 2018 tulipanga wagombea kwenye mchujo wa vyama, na siku hiyo hiyo tukaulizwa kama tunataka kuendelea kupanga. Asilimia karibu 54 walisema ndiyo. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo lililonigusa kuliko mengine yote. Watu walipiga kura mbili, 2016 na 2018, kulinda namna yao ya kupiga kura, dhidi ya bunge walilolichagua wenyewe.

Na bado hawajamaliza. Mahakama kuu ya Maine ilishauri mwaka 2017 kwamba katiba ya jimbo inataka gavana na wabunge wa jimbo wachaguliwe kwa wingi wa kura tu, kwa hivyo kura ya kupanga inatumika kwenye mchujo na kwenye viti vya Washington, lakini uchaguzi wenyewe wa gavana, uliolianzisha jambo lote hili, haumo. Kwa gavana, wingi huo wa kura uliingizwa katika katiba mwaka 1880, baada ya mgogoro wa uchaguzi uliowafanya watu washike bunduki Augusta, makao ya jimbo. Walichoka, wakachagua njia fupi.

Wala mfumo huu hausongi mbele kila mahali. Novemba 2024 ulikataliwa kwa kura ya wananchi Colorado, Idaho, Nevada na Oregon, ukakubaliwa Washington, D.C. Alaska walitaka kuufuta, ukanusurika kwa kura zisizofika 800 kati ya zaidi ya 300,000. Tennessee na Florida zimeupiga marufuku kabisa. Na una kasoro ambayo hata sisi tunaoupenda tunapaswa kuisema: mgombea wa katikati, ambaye angemshinda kila mmoja wakikabiliana wawili wawili, anaweza kutolewa mapema kwa sababu ni wachache waliomweka wa kwanza. Ilitokea Burlington, Vermont, 2009, na wenyeji wakakasirika wakaufuta mwaka uliofuata, kabla ya kuurudisha baadaye kwa madiwani.

Lakini wasomaji wenu wengi wameusherehekea mfumo huu bila kujua. Juni 2025 Afrika Mashariki nzima ilifurahia Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alipoteuliwa na Democratic kugombea umeya wa New York. Mchujo ule ulikuwa wa kupanga, hadi majina matano. Yeye na Brad Lander, wakiwa wapinzani, walisimama pamoja wakawaambia wafuasi wao: mimi wa kwanza, yeye wa pili, na yeye vivyo hivyo. Hesabu ya mwisho ilimpa Mamdani kama asilimia 56 dhidi ya 44 za Andrew Cuomo. Nimeona michujo ya kwetu miaka yote hii. Nani amewahi kuona wapinzani wawili wa mchujo wakiombeana kura?

Nirudi nyumbani basi. Katiba yetu ya 2010 inamtaka rais apate nusu na zaidi, na robo ya kura katika angalau kaunti 24 kati ya 47, la sivyo turudi vituoni ndani ya siku 30. Hilo tulilipata kwa machungu ya 1992 na 1997. Lakini gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wadi bado huchaguliwa kama Moi wa 1992: mwenye nyingi kuliko mwenzake. Wagombea wanane, tisa, mmoja anapita na chini ya theluthi moja, kisha miaka mitano anaongoza watu ambao wengi wao hawakumtaka hata wa pili. Hapo ndipo ningependa tuanze kuzungumza. Tuanze na wadi, tusianze na rais.

Nilimpigia kaka yangu, yule wa Kibaki, ambaye bado yuko Likoni na amekuwa wakala wa kituo mara tatu. Nilimweleza yote haya kwa saa nzima. Akanisikiliza, kisha akauliza swali moja lililonikalisha: "Na fomu?"

Anayemjua wakala wa Kenya anajua uzito wa swali hilo. Tumepigana hadi Mahakama ya Rufani, mwaka 2017, ili matokeo yanayotangazwa mashinani yawe ya mwisho na Nairobi isiyaguse. Mwaka 2022 kila Mkenya aliweza kufungua Fomu 34A, fomu ya matokeo ya urais, ya kituo chochote kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi na kujumlisha mwenyewe. Maine hubeba karatasi na kumbukumbu za mashine za kura kwa magari hadi Augusta zikahesabiwe sehemu moja, na baadaye rekodi ya kila kura, bila jina, huwekwa wazi kwa anayetaka kuhesabu. Kwao inatosha. Kwetu, debe likishapanda gari usiku, hakuna atakayeamini kilichoshuka. Kaka ana haki, na sikuwa na jibu siku hiyo.

Jibu nililipata kwenye chama chetu cha kufa na kuzikana. Tuko Wakenya, Wakongo, Warundi na Wasomali Bantu, kila mmoja anachanga kila mwezi ili maiti ya mwenzake isikae kwa aibu. Mwenyekiti wetu wa mwanzo alipita na theluthi ya kura, na nusu ya wanachama wakaacha kuchanga. Uchaguzi uliofuata niliomba tupange. Tulikuwa 61, wagombea watatu, mimi karani. Tukahesabu juu ya meza ya jikoni, kila mgombea na sinia yake ya chai: ndugu mmoja wa Uvira 24, dada mmoja Mrundi 21, mzee mmoja Mkenya 16. Hakuna aliyefika 31. Sinia ya mzee ikavunjwa. Nikaisoma kila karatasi kwa sauti na kuionyesha: 11 zikaenda kwa dada, 3 kwa yule ndugu, 2 hazikuwa na chaguo la pili, tukaziweka chini ya kikombe mbele ya wote. Dada 32, ndugu 27.

Yule ndugu aliyekuwa akiongoza aliinuka. Chumba kikanyamaza. Akazitoa zile karatasi 16, akazipitia mwenyewe moja moja, akizigeuza kwenye mwanga wa taa, midomo ikihesabu. Alipomaliza alizirudisha, akaenda jikoni kuongeza maji ya chai. Mwezi uliofuata alichanga, na wote 61 walichanga.

Nilipokuwa nafunga daftari usiku ule ndipo nikaona jibu la kaka. Sinia hazikuondoka mezani. Kituo cha kura nacho kinaweza kufanya hivyo hivyo. Usiku wa kwanza kila kituo kihesabu chaguo la kwanza, fomu ijazwe, mawakala watie sahihi, ibandikwe ukutani kama sasa. Kama hakuna aliyepita nusu katika wadi nzima, itangazwe nani ametoka, na kesho yake, mbele ya mawakala wale wale na vifungo vile vile vya debe, kifurushi cha huyo aliyetoka kifunguliwe pale pale kituoni, kisomwe kwa sauti, fomu ya pili ijazwe na kubandikwa chini ya ya kwanza. Kwa wadi yenye wagombea wengi itachukua siku mbili au tatu, na mawakala watahitaji kulipwa siku hizo. Debe halipandi gari. Mpiga kura apange watatu tu, wasizidi, ili fomu isiwe ndefu.

Nilimpigia kaka tena. Alifikiri, akasema kifurushi cha aliyetoka kilindwe usiku na polisi pamoja na mawakala wawili wa pande tofauti, na walale ndani ya chumba, sio nje. Nimekiandika hicho pia.

Daftari la chama chetu ninalo, lina hesabu zote za ule uchaguzi na mfano wa fomu hiyo ya pili niliouchora kwa rula. Kama kuna wakala, karani au mwalimu aliyewahi kusimamia kituo anayetaka kuona, au kunionyesha nilipokosea, Mhariri unayo anwani yangu. Mpe.

Msomaji wenu, mzaliwa wa Likoni
Lewiston, Maine